Shoo ya 9 ugenini, sijui nifurahi au nilie

solo_na_gitaa:
Wakuu salama? Mi napiga muziki wangu mwenyewe, sina lebo wala meneja, mwezi huu niko Ulaya nazunguka kwenye vikumbi vidogovidogo. Juzi nimepigia watu 11, nimewahesabu vizuri tu maana wawili walikuwa wahudumu wa baa. Jana mji mwingine kuna bibi kakaa mbele kabisa anaitikia kibwagizo chote na lugha yenyewe haijui hata neno, mpaka nikasahau ubeti wa pili wa wimbo nilioutunga mwenyewe 😂 Halafu usiku nahesabu nauli, mzigo wa gitaa, pa kulala, kinachobaki ni cha kununulia nyuzi. Na nyumbani wanajua nimeshatoka kimaisha. Nyie mnajuaje kama ziara imelipa?

besi_mzee:
11 wengi hao, mi nimewahi kumpigia fundi sauti peke yake na alikuwa anachati. Ila kabla hujalia cheki makaratasi. Msanii mgeni anakatwa kodi hukohuko anakopiga, Marekani ni 30% ya malipo yote kabla hujatoa hata nauli, Ujerumani 15% na kanyongeza juu yake, lakini Ujerumani malipo yasipozidi euro 250 kwa shoo hawatakiwi kukukata. Ukikatwa dai karatasi, bila hiyo unaweza kulipa tena kwenu. Na kila shoo andika nyimbo ulizopiga upeleke kwa wanaokusanyia mirabaha, ukumbi unalipia leseni ya muziki, usipoandika hela yako wanagawana wengine.

mama_marimba:
Hesabu na siku pia mdogo wangu. Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, ni siku 90 ndani ya 180, siku ya kuingia inahesabiwa na ya kutoka inahesabiwa, na zile za kulala tu bila shoo zimo. Mi niliongeza shoo mbili mwishoni kwa tamaa, nikaja kuzifuta kwa aibu.
Kuhusu kulipa, simkubalii sana besi, sio yote iko kwenye karatasi. Ukishuka jukwaani unaenda wapi? Wengi tunakimbilia chumbani kuhuzunika wakati watu wanataka kukushika mkono. Simama kwenye meza yako uuze fulana mwenyewe, chukua barua pepe za watu, mwakani ukirudi mji ule una pa kuanzia. Yule bibi ulichukua yake?

solo_na_gitaa:
Sikuchukua dada 🤦 kanunua fulana ya mjukuu akaondoka zake, kumbe ndo nimempoteza hivyo.
@besi nimefungua mkataba saa hizi, ile ya Ujerumani tulikubaliana euro 200 na jamaa kanikata. Namwandikia sasa hivi kabla ya saundicheki.

besi_mzee:
Andika kwa upole, mwakani utamhitaji.