Juri za Marekani: kumwondoa mtu kwa rangi yake ni marufuku tangu 1986, mbona bado inatokea?

MwanafunziWaSheria

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaoijua sheria ya jinai ya Marekani. Nimesoma kesi ya Batson dhidi ya Kentucky, ya 1986, ambapo Mahakama ya Juu ilimkataza mwendesha mashtaka kumwondoa mtu katika juri (raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia) kwa sababu ya rangi yake. Kisha nikasoma kesi ya Curtis Flowers wa Mississippi, iliyoamuliwa 2019. Miaka 33 imepita, na mwendesha mashtaka mmoja amewaondoa Weusi 41 kati ya 42 katika mashauri sita ya mtu yuleyule!

Mwanya uko wapi? Na wakili wa utetezi anafanya nini hasa, palepale mahakamani, akiona jambo hilo linatendeka?

Rufaa_Kwanza

Ndugu, anza kwa kutofautisha njia mbili za kumwondoa mtu. Kuna pingamizi lenye sababu: mtu ni shemeji wa shahidi, au ametamka wazi kwamba hawezi kuwa wa haki. Hilo halina kikomo na jaji ndiye anayeamua. Halafu kuna pingamizi lisilodai sababu, ambapo wakili husema tu "huyu simtaki" na mtu anaondoka. Haya yana idadi maalumu. Katika mahakama za shirikisho, kesi ya kifo kila upande una 20. Makosa mengine makubwa serikali ina 6 na utetezi 10. Makosa madogo 3 kwa 3. Majimbo yana idadi zao.

Ubaguzi hupitia kwenye hilo la pili, na hesabu yake ni nyepesi. Weusi wakiwa wachache miongoni mwa walioitwa, mapingamizi machache tu yanatosha kuwamaliza. Katika kesi yenyewe ya Batson walikuwa wanne. Wakaondolewa wote wanne, akahukumiwa na juri ya Weupe watupu.

Batson ilileta hatua tatu. Kwanza, utetezi unaonyesha dalili kwamba rangi imehusika. Pili, mwendesha mashtaka anatoa sababu isiyotaja rangi. Tatu, jaji anaamua kama sababu hiyo ni ya kweli au ni kisingizio.

Mwanya uko hatua ya pili. Mwaka 1995, katika Purkett dhidi ya Elem, Mahakama ya Juu ilisema sababu hiyo haihitaji kushawishi, wala hata kuingia akilini. Inatosha isitaje rangi. Mle ndani sababu ilikuwa nywele ndefu, masharubu na ndevu. Ikapita hatua ya pili. Baada ya hapo, mwendesha mashtaka yeyote aliyejiandaa anakuja na orodha mfukoni: hakunitazama usoni, alionekana ana wasiwasi, anaishi mtaa wenye uhalifu mwingi, ana ndugu aliyewahi kukamatwa. Mengi ya hayo huwapata Weusi zaidi kwa sababu polisi wamekaa zaidi mitaani kwao, kwa hiyo rangi inarudi bila kutajwa jina.

Hatua ya tatu nayo inamtaka jaji amwambie wakili anayefanya naye kazi kila wiki kwamba amesema uongo na amebagua. Majaji wengi hawataki kufika huko. Na mahakama ya rufaa humheshimu jaji aliyewaona watu kwa macho yake. Haitengui uamuzi wake ila kosa liwe wazi.

KaraniWaMwenendo

Nijazie hapo, na nirekebishe hesabu ya muuliza swali. Wale 41 kati ya 42 hawatoki katika mashauri yote sita. Ni 36 kati ya 36 katika mashauri manne ya kwanza, halafu 5 kati ya 6 katika la sita. Shauri la tano halimo kwenye hesabu, kwa sababu kumbukumbu za mahakama hazikuonyesha rangi ya walioondolewa.

Hilo ndilo kosa linaloua rufaa nyingi. Mwenendo wa kesi huandika maneno, hauandiki sura. Wakili wa utetezi asipotamka kwa sauti, "Mjumbe wa juri namba 14 ni Mweusi, namba 15 ni Mweupe," majaji wa rufaa wanapokea majina na namba tupu. Kwa hiyo kazi inakwenda hivi.

Andaa jedwali kabla ya siku ya uteuzi wa juri: namba, jina, rangi kama mtu mwenyewe alivyoijaza kwenye fomu, majibu muhimu, aliyemwondoa. Hesabu pia maswali. Kwa Flowers, katika shauri la sita, upande wa mashtaka uliwauliza Weusi watano walioondolewa jumla ya maswali 145. Weupe 11 walioketi waliulizwa 12 kwa jumla. Namba hizo zilikuwa nguzo ya uamuzi wa kura 7 kwa 2.

Pingamizi la kwanza likitokea, simama hapohapo. Usingoje waondolewe watatu au wanne ili "mtindo" uonekane. Mtindo wa kesi nyingi ulidaiwa enzi za Swain dhidi ya Alabama, ya 1965, na Batson ndiyo iliyouondoa mzigo huo. Mtu mmoja akiondolewa kwa rangi yake, katiba imevunjwa. Omba mje karibu na jaji, juri isisikie, na hakikisha mwandishi wa mahakama anaandika. Ukisubiri hadi juri iape na wengine waruhusiwe kwenda nyumbani, mahakama nyingi zitasema umeiacha haki yako.

Sababu ikishatolewa, linganisha. Kama Mweusi ameondolewa kwa sababu kaka yake aliwahi kufungwa, tafuta Mweupe mwenye ndugu aliyefungwa na ambaye ameachwa. Ulinganisho huo wa mtu kwa mtu ulipata nguvu katika kesi ya Miller-El ya Dallas, 2005, ambapo Weusi 10 kati ya 11 waliostahili kuketi kwenye juri waliondolewa. Tabia kama "alikuwa na wasiwasi" idai uthibitisho: nani mwingine aliona? Jaji aliona? Mwombe atamke kama aliona au hakuona. Akikaa kimya, kimya hicho nacho kiingie kwenye mwenendo.

Mwisho sema unataka nini: aliyeondolewa arudishwe kwenye kiti chake, au kundi zima livunjwe na uteuzi uanze upya.

MwanafunziWaSheria

Asanteni sana. Sasa kama mshtakiwa ni Mweupe na anayeondolewa ni Mweusi, je? Na utetezi wenyewe ukibagua?

Rufaa_Kwanza

Yote mawili yameshajibiwa. Powers dhidi ya Ohio, 1991: mshtakiwa Mweupe anaweza kupinga Mweusi kuondolewa, kwa sababu anayedhulumiwa ni pia yule raia aliyenyimwa kiti. Georgia dhidi ya McCollum, 1992: utetezi nao umekatazwa. Jinsia iliongezwa 1994.

Usisahau pia kwamba ushahidi wa moja kwa moja hupatikana baadaye, ila kwa nadra. Timothy Foster alihukumiwa kifo Georgia mwaka 1987. Miaka mingi baadaye mawakili wake waliomba jalada la upande wa mashtaka kwa sheria ya nyaraka za umma. Wakakuta majina ya Weusi yamepakwa rangi ya kijani na kuwekewa herufi B, yaani "Black", Mweusi. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ikampa ushindi. Wangapi hawana jalada la namna hiyo? Sheria inayongoja mkosaji aandike kosa lake kwa kalamu haiwalindi watu.

BintiWaMwambao

Hapo ndipo jimbo la Washington lilipofanya jambo la maana. Mwaka 2018 mahakama yao kuu ya jimbo ilipitisha Kanuni ya Jumla ya 37. Haiulizi tena wakili alikuwa na nia gani moyoni. Inauliza: je, mtazamaji makini, anayejua kwamba ubaguzi huwa pia wa kimyakimya, anaweza kuiona rangi kuwa imechangia? Kama ndiyo, pingamizi linakataliwa, na jaji halazimiki kumwita mtu mbaguzi.

Kuna sababu ambazo kanuni inazihesabu batili tangu mwanzo, na ni saba: kuwahi kukutana na polisi, kutowaamini polisi, kuwa na ndugu au rafiki wa karibu aliyewahi kusimamishwa, kukamatwa au kuhukumiwa, kuishi mtaa wenye uhalifu mwingi, kuwa na mtoto nje ya ndoa, kupokea msaada wa serikali, na Kiingereza kutokuwa lugha yako ya kwanza. Anayetaka kudai kwamba mtu alisinzia au alikwepa macho lazima atoe taarifa mapema, ili jaji na upande wa pili waangalie wenyewe.

Arizona ilikwenda mbali zaidi: tangu Januari 1, 2022 imefuta kabisa pingamizi lisilo na sababu. Uingereza ilishalifuta kwa sheria ya 1988, Kanada 2019. Mimi naona Arizona ndiyo iliyotatua. Silaha ambayo haipo haiwezi kutumika vibaya.

KaraniWaMwenendo

Dada, hapo sikubaliani nawe. Kanada mawakili wengi wa washtakiwa Weusi na Wenyeji wa Asili waliupinga ufutaji huo. Mshtakiwa Mweusi akikaa mbele ya kundi la Weupe watupu, pingamizi lake ndilo lililokuwa njia ya kumwondoa mtu anayemkodolea macho ya chuki lakini mdomoni anasema "nitakuwa wa haki". Ukiifuta, basi muda wa kuwahoji wajumbe uongezwe na majaji wawe wepesi kukubali mapingamizi yenye sababu. Bila hivyo, umemnyang'anya mnyonge pia.

Na tusiisahau orodha ya wanaoitwa. Majimbo mengi huikusanya kutoka kwa wapigakura na wenye leseni za udereva. Mpangaji anayehama mara kwa mara hapati barua ya wito. Posho ya mahakama za shirikisho ni dola 50 kwa siku. Kibarua wa kulipwa kwa saa anaomba radhi na kubaki kazini. Kundi linaweza kuwa limeshapauka kabla ya pingamizi la kwanza.

BintiWaMwambao

Hilo la orodha nakubali. Niongeze la kwetu Waswahili walioko huko. Waliokwishapata uraia, wakiwemo wengi waliotoka Kongo, huitwa kwenye juri. Katika Hernandez dhidi ya New York, 1991, iliruhusiwa kuwaondoa wanaojua Kihispania kwa hofu kwamba wangefuata maneno ya shahidi badala ya tafsiri ya mkalimani. Kesi ikiwa na shahidi wa Kiswahili, swali hilohilo litakuja. Jibu kwa ukamilifu: unaweza kuufuata ushahidi kama ulivyotafsiriwa au huwezi; na ukisikia tafsiri imekosewa, mwandikie jaji barua, usiwasahihishie wenzako chumbani.

Rufaa_Kwanza

Hata kwetu juri ilikuwa na rangi. Kenya ya mkoloni, Mzungu alihukumiwa na juri ya Wazungu. Mwafrika alipata wazee wa baraza ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Peter Poole, aliyemuua Mwafrika 1959, alitiwa hatiani na Wazungu wenzake na kunyongwa 1960. Hilo linakumbukwa hadi leo kwa sababu halikuwa la kawaida.

Na jambo moja la mwisho kwa muuliza swali. Chuki ikidhihirika ndani ya chumba cha juri, hukumu ikiwa imeshatoka, kanuni ya kawaida ni kwamba yaliyosemwa mle hayafukuliwi. Peña-Rodriguez dhidi ya Colorado, 2017, iliruhusu yafukuliwe katika hali moja: mjumbe akiwa ametamka waziwazi kwamba anamtia mtu hatiani kwa sababu ya rangi au asili yake. Huko mjumbe alisema mshtakiwa ametenda kwa kuwa ni Mmeksiko. Wenzake wawili wakamwambia wakili. Wakili asikimbilie kuwahoji peke yake. Majimbo mengi yanaweka mipaka juu ya kuzungumza na wajumbe baada ya hukumu. Aombe idhini ya jaji, apate viapo vya maandishi vyenye maneno kama yalivyotamkwa, aliyeyatamka na wakati gani wa majadiliano, kisha aombe shauri jipya kabla muda wa maombi hayo haujapita. Mahakama za shirikisho, kwa sababu zisizohusu ushahidi mpya, muda huo ni siku 14 tu tangu uamuzi wa juri.