Dawa ya kikohozi yenye kodeini: kubana cheti kunatosha, au iondolewe kabisa?

Mleta mada

Wadau, salaam. Dawa za maji za kikohozi zenye kodeini zinatakiwa kutolewa kwa cheti cha daktari. Wapo wanaosema sheria hiyo inatosha, kinachokosekana ni usimamizi tu. Wapo wanaotaka tufanye kama Nigeria, ambayo Mei 2018 ilipiga marufuku kuzalisha na kuingiza dawa hizo, baada ya uchunguzi wa BBC kuonyesha jinsi vijana walivyokuwa wakiuziwa kwa njia za panya.

Msimamo wangu ni huu: kodeini iondolewe kwenye dawa za kikohozi na ibaki kwenye dawa za maumivu. Na hata kabla hilo halijafanyika, mtoto asionjeshwe kabisa.

Mjadala huu kwetu huwa unaishia kwa vijana wanaolewa dawa. Hilo ni kweli na linauma, lakini linatusahaulisha anayekunywa kama alivyoandikiwa. Kodeini ni ya ukoo wa afyuni. Yenyewe haina nguvu sana. Ini ndilo linalogeuza sehemu yake kuwa mofini, dawa kali ya maumivu, kwa kutumia kimeng'enya (kichocheo cha mwilini) kinachoitwa CYP2D6. Hapo ndipo watu tunapotofautiana. Kuna ambao kimeng'enya hicho hakifanyi kazi, wanakunywa na hawapati nafuu. Kuna ambao kinafanya kazi kupita kiasi, na kijiko kilekile kinawapa mofini nyingi kwa muda mfupi. Maelezo rasmi ya dawa huko Marekani yaliwahi kukadiria kwamba kati ya Waethiopia, Waarabu na watu wa Afrika Kaskazini kundi hilo la pili ni asilimia 16 hadi 28. Sisi wa pwani, wenye mababu kutoka Oman na Pembe ya Afrika, hatuna sababu ya kudhani jambo hili haligusi nyumba zetu. Na daktari anapoandika cheti hana kipimo cha kumwonyesha wewe ni wa kundi gani.

Ndiyo maana wenzetu walianza na watoto. Mwaka 2013 Marekani iliweka onyo kali baada ya watoto waliotolewa mafindofindo kufariki kwa kushindwa kupumua walipopewa kodeini ya maumivu. Mwaka 2015 Ulaya ikakataza kodeini ya kikohozi kwa walio chini ya miaka 12. Marekani ikafuata mwaka 2017, na Januari 2018 ikapandisha umri: dawa za kikohozi na mafua zenye kodeini ni za kuanzia miaka 18 tu.

Sasa tupime faida. Kikohozi cha mafua kinaweza kuchukua hata wiki tatu kuisha, na kinaisha chenyewe. Kodeini ilipopimwa kwa watu wenye kikohozi hicho, haikuonekana kushinda kimiminika kisicho na dawa yoyote ndani. Mtoto aliyepita mwaka mmoja anaweza kupewa asali na akalala. Hatari yote hii ni kwa faida ipi?

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi hapa kwetu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni cha kupima kifua kikuu. Ukikinyamazisha kwa chupa baada ya chupa, unachelewa kupimwa huku unaambukiza familia.

Kwa ambaye tayari ameandikiwa na chupa iko mkononi: pima kwa kifuniko au kikombe kilichokuja na dawa. Kijiko cha chai ni mililita 5, kijiko cha chakula ni 15. Ukikosea kijiko umekunywa dozi tatu kwa mkupuo. Mchanganyiko wa promethazini (dawa ya mzio inayosinzisha) na kodeini, kwa mtu mzima, kipimo chake cha kawaida ni mililita 5 kila baada ya saa 4 hadi 6, na kwa siku nzima isizidi 30. Usichanganye na pombe wala dawa za usingizi kama diazepamu. Usiendeshe bodaboda wala gari. Mwenye pumu, mjamzito na anayenyonyesha amwambie daktari kabla cheti hakijaandikwa, maana mofini inapita kwenye maziwa. Mtu akisinzia hadi haamshiki, akapumua kwa taabu na kwa nadra, mboni zikawa ndogo kama ncha ya sindano, mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe mkiwa nayo. Ipo dawa ya kuzuia nguvu ya kodeini, naloksoni, lakini inahitaji kuwahiwa.

Karibuni, nipingeni kwa hoja.

Mchangiaji, mfamasia, Mwanza

Mkuu, kuhusu watoto sina ubishi. Kuhusu kuondoa kabisa, hapana.

Nigeria ilifunga kodeini wakati tramadoli, dawa nyingine ya maumivu inayolevya, imekwishajaa mitaani. Mlevi wa dawa hakosi pa kuhamia, na chupa ya magendo haina hata maelezo ya kusoma. Leo chupa ikipita kwangu, nina nafasi ya kumuuliza mgonjwa maswali: unatumia dawa gani nyingine, unakunywa pombe, nyumbani kuna watoto? Ukiiondoa, hayo maswali hayaulizwi na mtu.

Pili, kuna wagonjwa wa mapafu, saratani kwa mfano, wanaokohoa usiku kucha hadi mbavu zinauma. Hao unawapa asali?

Mchangiaji, mama wa watoto watatu, Tanga

Samahanini, mimi si mtu wa dawa. Nikienda dukani nasema tu, nipe ya kikohozi, tena kali, mtoto halali. Napewa chupa nalipa naondoka. Ndugu mleta mada, mtu kama mimi nitajuaje kama hiyo kodeini imo ndani?

Mleta mada

Mama, umeuliza la maana kuliko yote. Geuza chupa utafute orodha ya viambato, ambayo mara nyingi iko kwa Kiingereza. Ukiona neno "codeine", peke yake au limefuatwa na "phosphate", ndiyo hiyo. Likiwemo ndani ya neno refu, "dihydrocodeine", huyo ni ndugu yake, naye si wa kumpa mtoto. Kama maandishi hayasomeki au karatasi imechanika, rudisha. Na ukifika dukani acha kusema "kali". Sema umri wa mtoto, ameanza lini kukohoa, ana homa au hana. Mtoto akipumua haraka au mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, usipite dukani, nenda moja kwa moja kituo cha afya. Hiyo inaweza kuwa nimonia.

Mchangiaji, anayefanya kazi na waraibu, Temeke

Naunga mkono dawa isimfikie kijana, lakini msisahau ambaye tayari imemkamata. Ukimkatia ghafla anapata arosto kama wa heroini: jasho, kuharisha, mwili kuuma, usingizi hakuna. Wengine hawajitambui kama ni waraibu kwa sababu walianza kwa cheti, na mtu akijiona anakunywa dawa ya hospitali hatafuti msaada. Kliniki ya methadoni, dawa anayopewa mraibu ili asipate arosto, ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011 kwa ajili ya watu wa heroini, na tumeona watu wakirudi kazini na kwa familia zao. Mkitaka kufunga bomba, andaeni kwanza pa kuwapokea hawa.

Mleta mada

Hoja ya Temeke naichukua nzima. Kuondoa dawa sokoni bila kuandaa matibabu ni kuwahamishia watu heroini, na sitaki niwe upande huo.

Kwa mfamasia: mgonjwa wa saratani simpi asali. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road inatoa mofini ya kunywa, na daktari anaweza kuitumia pia kwa kikohozi kisichovumilika. Huko dozi inaanza kidogo, inafuatiliwa, na kila mtu ndani ya nyumba anajua ni mofini. Dawa yenye ladha tamu iliyoandikwa "ya kikohozi" haipewi heshima hiyo. Inawekwa kabatini karibu na sukari, na kesho mtoto wa jirani akikohoa anagawiwa.

Kuhusu cheti, nakiri kina kazi. Australia ilikiweka kwa kila dawa yenye kodeini Februari 2018, na Uingereza ilikiweka kwa dawa ya maji ya kikohozi mwaka 2024, baada ya miaka mingi ya kuiuza famasi bila cheti. Lakini cheti kinajibu swali la nani anaruhusiwa kununua. Hakijibu kwa nini mtu mwenye mafua apewe kitu cha ukoo wa afyuni wakati hakijaonyesha kumsaidia.

Mchangiaji, mfamasia, Mwanza

Mofini ya kunywa haipatikani kila wilaya, mkuu, hilo ulikumbuke. Mgonjwa wangu wa Ukerewe anavuka ziwa kuja kutafuta dawa.

Ila nakubali kwamba kwa mafua ya kawaida mimi mwenyewe siwezi kuitetea kodeini. Tungeanza hivi: dawa yoyote ya kikohozi yenye kodeini iandikwe kwa Kiswahili mbele ya chupa kwamba si ya mtoto, na kwamba ni ya ukoo wa afyuni, chupa ziwe ndogo, za siku tatu tu, na isiandikwe kwa mafua. Hapo ndipo mwisho wangu. Kumwondolea mtu mzima mwenye ugonjwa wa mapafu, aliye mbali na hospitali kubwa, bado napinga.