Mrejesho: zile mbegu za kopo la bibi
Wakuu, niliwauliza nitazitambuaje mbegu mchanganyiko nilizozikuta kwenye kopo la marehemu bibi. Mkasema nizitenge kwa umbo, niziloweke usiku kucha, kisha nizifunike sahanini kwa kitambaa kibichi hadi zichipue, majani yaniambie ni nini. Baridi ya Moshi Julai hii ikanitesa, nikahamishia sahani karibu na jiko.

Zile bapa kubwa ni maboga: majani mawili manene, moja bado limevaa ganda kama kofia! Vipunje vyeusi vinavyong'aa ni mchicha. Za mviringo zenye mistari niliapa ni figili, kumbe giligilani. Nilisugua jani, mkono ukanuka kachumbari mpaka jioni. Bapa ndogo za manjano, nadhani pilipili, wiki ya tatu kimya. Sizitupi, pilipili hupenda joto.