Tupeane uzoefu: "his", "her", "its" na umiliki wa Kiingereza unavyotupa kazi sisi Waswahili

MwalimuWaZamu (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili, Morogoro. Kila muhula nikikusanya madaftari nakutana na sentensi ya aina moja: "My mother and his husband." Ukimuuliza mwanafunzi "his" ni ya nani, anakujibu vizuri kabisa kwamba ni ya mwanaume. Kwa hiyo tatizo si msamiati.

Nimelifikiria sana jambo hili. Kiswahili kimemzoesha huyu mtoto kutazama kitu kinachomilikiwa. Kitabu chake, viatu vyake, nyumba yake: kinachobadilika kinafuata ngeli ya kitu, na mwenyewe awe bibi au bwana, haituhusu. Kiingereza kinatazama upande wa pili. Vitu viwe kimoja au mia, "her" inabaki "her". Anayeamua ni mwenye mali. Mtoto akishafika kwenye "husband" anaona mwanaume, anaweka "his". Amefuata upatanisho kama alivyolelewa, ila ameupeleka kwenye lugha isiyoutumia hivyo.

Siku hizi nawaambia wachore mshale kutoka kwenye "his" au "her" urudi nyuma kwa mwenyewe, wala usiende mbele kwenye kitu. Unasaidia kweli. Walimu, wakalimani, mlioko ughaibuni, wazazi: ninyi mmekutana na nini?

DadaWaMuscat
Mwalimu, umegusa penyewe. Mimi huwasindikiza mabibi zetu wa asili ya Zanzibar hospitali hapa Muscat, na huko madaktari wengi ni wageni, kwa hiyo mazungumzo ni Kiingereza. Kwetu mtu "kaumia mkono", "anaumwa kichwa", "nawa mikono". Hatutaji ni wa nani, maana utakuwa wa nani tena? Kiingereza kinataka utaje kila mara: "he hurt his arm", "wash your hands".

Bibi mmoja alisema "the leg is paining", na daktari akamuuliza mguu wa nani, kwa sababu alikuwa amekuja na mjukuu. Tangu hapo kabla hatujaingia nawakumbusha: kiungo cha mwili kisiende bila mwenyewe. "My leg. My chest. Her stomach." Kwa mgonjwa hilo ni la lazima, si urembo wa lugha.

Mzee wa Kisauni
Naongeza dogo. Mimi ni mtoto wa pekee kwa mamangu, lakini nilikozaliwa nitapaita "kwetu" mpaka nife. "Kwangu" ni hapa ninapokaa na mke wangu. Nikimwambia mgeni wa Kiingereza "our home" anataka kujua mimi na nani. Kwao ni "my home" hata nyumba ikiwa na watu kumi, na pale kwa wazee wangu ni "my parents' house". Vijana wanaopokea watalii huku pwani wajue hilo mapema.

Mtafsiri_Hati
Kwenye kazi yangu hili linaweza kugusa mali za watu, kwa hiyo naomba nilieleze kwa urefu.

Chukua "watoto wa Juma na Asha". Kiswahili kinaacha milango miwili wazi: labda wamezaa pamoja, labda kila mmoja ana wake. Kiingereza cha maandishi kinakulazimisha uchague. "Juma and Asha's children" ni watoto wao wa pamoja. Ile 's inakaa mwisho na kubeba majina yote mawili. "Juma's and Asha's children" kwa kawaida husomwa kuwa wa Juma ni wake na wa Asha ni wake. Kwenye hati ya mirathi, 's moja ikihama inaweza kuhamisha mrithi. Ndiyo maana mimi sikisii: nampigia mwenye hati, namuuliza, ndipo naandika.

Jingine ni "picha ya mama yangu". "A picture of my mother" ni mama ndiye anayeonekana pichani. "A picture of my mother's" ni picha iliyo mali yake, hata kama inaonyesha mlima. Watu hudhani hiyo 's ya mwisho ni ya ziada, kumbe ndiyo inayobeba maana yote.

BintiWaTanga
Na "a friend of mine" je? Naona ni ndugu wa hilo.

Mtafsiri_Hati
Ndiyo, dada. Ni "rafiki yangu mmoja", katika wengi nilio nao. Baada ya "of" hapo inakuja "mine", haiji "my", kwa sababu "my" haiwezi kusimama bila nomino mbele yake.

MwanaKwaya
Kanisani tuna wazee wanaosoma Biblia ya Kiingereza ya King James. Kijana mmoja aliuliza kwa nini Mathayo 5:13 inasema "if the salt have lost his savour". Chumvi imekuwaje mwanaume? Swali zuri mno. Zamani "his" ilitumika kwa mwanaume na kwa kitu pia. "Its" ni neno changa, lilianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 16. Chapa ya kwanza ya Biblia hiyo, ya 1611, haikuwa nalo kabisa. Hata Walawi 25:5, ambapo leo tunasoma "its own accord", mwanzoni paliandikwa "it" tupu. Nilifurahi kuona kijana anaondoka na heshima kwa lugha, si hofu.

Mbeba_Maboksi_London
Hapa treni ya Piccadilly inapita Earl's Court kisha Barons Court. Moja ina ritifaa (ile alama ya '), nyingine haina, na zinafuatana. Wenyeji wenyewe huchanganya "its" na "it's" kila siku kwenye vibao na jumbe. Mimi hujipima hivi: kama naweza kusema "it is" au "it has", naweka ritifaa. Nisipoweza, siweki.

MamaShuleni
Mwalimu, mwanangu aliandika "Every student must bring their book", akakatwa alama, kwamba "their" ni ya wengi. Ni sahihi au si sahihi?

MwalimuWaZamu
Mama, pole. "Their" kwa mtu mmoja asiyejulikana jinsia imekuwepo katika Kiingereza tangu karne ya 14, na wenyeji huitumia bila kufikiri: "Someone left their phone." Mtoto hakukosea. Lakini wasahihishaji wengine bado wanaikataa, kwa hiyo kwenye mtihani mwambie ageuze sentensi yote iwe ya wingi: "All students must bring their books." Hapo hakuna wa kumkata. Na daftari hilo, kama halijatupwa, mpelekee mwalimu wake mzungumze kwa upole.