Kikundi kidogo cha sanaa kimetakiwa sera ya mazingira: kianzie wapi?

Mratibu wa Tanga

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaratibu kikundi cha sanaa mkoani Tanga chenye wanachama wasiozidi ishirini. Tunacheza ngoma na kuigiza michezo ya uhamasishaji vijijini, na ili tujikimu tunatengeneza batiki na kuchonga vinyago vya kuuza. Mfadhili anayetusaidia nauli na mafunzo ya vijana ametutaka tuwasilishe sera ya mazingira kabla ya mkataba mpya, akatuletea na kielelezo kirefu kinachozungumzia safari za ndege, viyoyozi na karatasi za ofisini. Sisi husafiri kwa daladala, na ofisi yetu ni chumba kimoja cha kupanga. Baadhi ya wenzangu wanapendekeza tutengeneze sanamu kubwa ya chupa za plastiki, tuipige picha na kuiambatisha kwenye ripoti, lakini moyo wangu haujaridhika, kwa kuwa nyuma ya karakana yetu kuna kijito, na maji ya rangi ya batiki huishia huko. Naomba ushauri wa watu wanaoifahamu kazi hii: tuanzie wapi ili tuwe na jambo la kweli la kuandika?

Fundi wa Batiki, Morogoro

Ndugu Mratibu, umekwisha kujijibu mwenyewe: anzeni na hicho kijito. Rangi ambazo wengi wetu tunatumia haziyeyuki katika maji matupu. Huyeyushwa kwa kostiki soda na haidrosalfaiti, na vitu hivi viwili ndivyo vinavyoleta madhara kabla hata hatujaizungumzia rangi yenyewe. Kostiki huyafanya maji kuwa makali kiasi cha kuunguza ngozi, nayo haidrosalfaiti hunyonya oksijeni iliyomo majini, kwa hiyo viumbe wa kijitoni hukosa pumzi hata kama maji yanaonekana kuwa na rangi hafifu tu.

Jambo la kwanza ni kupunguza kinachomwagwa. Maji ya rangi yaliyokwisha kutia kitambaa cha kwanza bado yana nguvu ya kutia kitambaa kingine rangi nyepesi zaidi, mradi kitumbukizwe mapema. Mkipanga oda zenu kuanzia rangi iliyokolea kwenda iliyofifia, mtanunua rangi kidogo na kumwaga maji machache. Nta nayo isipotee: mnapochemsha kitambaa ili kuitoa, acheni sufuria ipoe, kwa maana nta huelea na kuganda juu, mkaiokota na kuitumia tena.

Maji yanayobaki yawekwe kwenye pipa lenye mdomo mpana, chini ya kivuli, mahali ambapo watoto hawafiki, na yakorogwe kwa mti mrefu mara kwa mara kwa siku mbili au tatu. Hewa huimaliza haidrosalfaiti, na rangi ikikutana na hewa hurudia hali yake ya kutoyeyuka, ikatuama chini kama tope. Ni hapo tu ndipo mnapoweza kutia siki kidogo kidogo ili kuvunja ukali wa kostiki, huku mkipima kwa karatasi za litmasi, zile zinazobadilika rangi kulingana na ukali wa maji. Naomba mpangilio huu uheshimiwe, kwa sababu ukimimina siki wakati haidrosalfaiti ingali mbichi, hutoka gesi ya salfa dioksaidi ambayo hukaba kifua, na katika chumba kisicho na madirisha ya kutosha ni hatari kweli. Tope likaushwe na kuhifadhiwa kwenye ndoo yenye mfuniko, wala lisipelekwe bustanini.

Tena kumbukeni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bahari. Pimeni umbali wa karakana yenu kabla mfadhili hajaupima.

Kuna watakaowaambia mhamie rangi za asili, na sina ugomvi na hina wala maganda ya vitunguu. Hata hivyo, rangi ya bizari ya manjano hupauka haraka juani, na ile rangi nzuri ya hudhurungi itokanayo na magome ya mikoko inamaanisha kuubandua mti ambao pwani yenu inauhitaji kuliko inavyohitaji batiki. Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kiwe hakina gharama.

Mchongaji wa Changamwe

Nimesoma maelezo ya dada wa Morogoro kwa faida kubwa. Mimi nitazungumzia vinyago. Ndugu Mratibu hakusema wanachonga mti gani, ila nikisikia Tanzania na vinyago, nawaza mpingo. Mpingo hukua polepole mno, na huchukua miongo mingi, saba au zaidi, kufikia unene wa kuvunwa. Halafu mchongaji huutaka moyo mweusi tu, akautupa ule weupe wa nje. Tangu Januari 2017 jamii yote ya miti hiyo imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hivyo biashara yake ya nje ina masharti. Vinyago vilivyokamilika visivyozidi kilo 10 za mti huo kwa shehena moja vimesamehewa, lakini mnunuzi wa jumla atataka hati, na hati haipatikani kwa gogo lililoletwa usiku.

Huku Kenya wachongaji Wakamba walifikia ukingo huo zamani, mpingo na muhugu vilipoanza kuadimika. Wengi waligeukia mwarobaini, ambao umejaa pwani kote, hukua upesi na hupandwa hata uani. Kuna jambo la kujifunza, nalo ni kwamba mwarobaini ukichongwa mbichi na kuanikwa juani hupasuka. Lazima ukauke polepole kivulini, na kinyago kikubwa kikauke muda mrefu zaidi. Mwembe uliozeeka na kuacha kuzaa pia unafaa.

Msijaribu ule ujanja wa kupaka rangi ya viatu ili mti mweupe uonekane mpingo. Mnunuzi hugundua akifika nyumbani kwake, na soko zima huharibika. Andikeni jina la mti kwenye kikaratasi cha bei, na mweleze kwa nini mmeuchagua. Watalii wengi watakulipa vizuri kwa maelezo hayo. Ikiwa ni lazima mchonge mpingo, nunueni kutoka kwenye msitu wa kijiji unaovunwa kwa mpango, kama misitu ya wilayani Kilwa ambako vijiji vimekuwa vikisimamia misitu yao na kuuza mpingo wenye cheti cha uvunaji endelevu, na mtunze stakabadhi zote.

Mtunza Hazina, Dar es Salaam

Kuhusu sanamu ya chupa, sina shaka itapendeza pichani. Swali langu ni itakwenda wapi baada ya picha. Jahazi la Flipflopi lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, likazinduliwa mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, liliheshimika kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kazi ndefu ya kukusanya, kuchambua na kuyeyusha taka, na mafundi wanaojua kujenga jahazi. Sanamu inayochakaa mvuani baada ya miezi michache ni taka iliyobadilishwa umbo.

Kwa upande wa maonyesho, angalieni mabango ya fleksi. Kila onyesho huchapishiwa bango jipya lenye tarehe, kisha hutupwa. Chapisheni moja lisilo na tarehe wala mahali, muandike hayo kwenye kitambaa kinachofungwa chini yake.

Sera yenyewe isizidi kurasa mbili. Semeni mnatumia nini, kinaleta madhara gani, mtapunguza nini mwaka huu, na mwanachama gani atatunza daftari la lita za maji ya rangi, magunia ya mkaa na stakabadhi za miti. Sehemu ya ndege andikeni kwamba haiwahusu. Mfadhili makini ataiheshimu karatasi hiyo kuliko kielelezo chake kilichojazwa kwa kunakiliwa.

Mratibu wa Tanga

Nawashukuru nyote. Tunachonga mpingo kwa sehemu na mninga kwa sehemu, na stakabadhi tulizonazo ni chache, kwa hiyo maneno ya fundi wa Changamwe nimeyachukua kwa uzito. Nitaanza na ofisi ya misitu ya wilaya. Nina swali moja kwa dada wa Morogoro: siki ya dukani ni ghali kwa pipa zima. Je, ndimu zilizoharibika sokoni zinaweza kutumika?

Fundi wa Batiki, Morogoro

Zinaweza, kwa kuwa kinachohitajika ni asidi tu. Zikamueni, mchuje makapi yasije yakaozea pipani, na mmimine huku mkikoroga. Litmasi ya kawaida itawaambia tu kama ukali umeisha; mkipata zile karatasi zenye vipimo vya pH, yaani kiwango cha asidi au ukali wa maji, lengeni kati ya 6.5 na 8.5. Tarajieni kutumia ndimu nyingi mwanzoni, na mkiona ni nyingi kupita kiasi, rudini kwenye kipimo cha kostiki mnachotia wakati wa kuyeyusha rangi, kwa maana mara nyingi fundi hutia kwa kukisia, akazidisha. Wakati wote huo vaeni glavu ndefu za mpira.