Hofu ya sindano na damu: nifanyeje nisizirai kliniki?

Mama Mtarajiwa:
Nina ujauzito wa miezi minne, na hudhurio lijalo la kliniki ni la kutolewa damu ya vipimo. Tangu utotoni, nikinusa spiriti kwenye pamba na kuhisi mpira ukikazwa juu ya kiwiko, masikio huvuma, jasho jembamba hunitoka, kisha huanguka. Mara ya mwisho aliyenihudumia alinikemea kwamba mtu mzima haogopi sindano. Je, hali hii inatibika, au nijitulize tu kwa kuvuta pumzi ndefu?

Muuguzi Mstaafu:
Pole sana, mwanangu. Inatibika, na wala si utoto. Mwenye kuogopa nyoka kwa kawaida hazirai, kwa kuwa hofu humpandishia msukumo wa damu. Hofu ya damu huupandisha kwanza, kisha huushusha ghafla pamoja na mapigo ya moyo, ubongo ukapungukiwa. Ndiyo maana kujilegeza pekee hakumfai anayezirai. Mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, alichapisha na mwenzake mwaka 1987 njia iliyo kinyume chake: kaza misuli ya mikono na miguu kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka uhisi joto usoni, kisha iachie irudi katika hali ya kawaida kwa sekunde 20 hadi 30, bila kuilegeza kabisa; rudia mara 5. Jizoeze nyumbani kila siku. Kwa kuwa u mjamzito, usikaze tumbo, na umweleze mkunga wako kabla ya kuanza.

Baba wa Wawili:
Nami nilikuwa hivyo hivyo. Mshauri alinianzisha kwa picha ya bomba la sindano, kisha bomba lenyewe likiwa tupu kiganjani, hatimaye nikakaa maabara nikimtazama mwenzangu akitolewa damu, huku nikikaza misuli kila kizunguzungu kilipoanza. Hatukuvuka hatua hata moja kabla hofu haijapungua. Dada, usikwepe vipimo, maana kila ukikwepa hofu huota mizizi.

Mama Mtarajiwa:
Asanteni sana. Je, nimweleze mtu wa maabara?

Muuguzi Mstaafu:
Mweleze kabla hajafunga mpira, na uombe kulala kwa ubavu wa kushoto badala ya kuketi. Mkono unaochomwa uuache umelegea, ukaze mwingine na miguu. Akishatoa sindano, usinyanyuke kwa haraka. Endelea kulala dakika kadhaa, kisha keti kwanza ndipo usimame.