Sensa ya hewa ya bei nafuu: SDS011 au PMS5003 kwa hali ya Mbeya?

fundi_uyole: Wakuu, nataka kufunga sensa ya hewa (si ile ya kuhesabu watu) nje ya nyumba, Uyole. Kiangazi watu wanachoma mashamba, matanuri ya matofali yanafuka, na malori ya kwenda Tunduma hayalali. Nimebakiwa na hizo mbili. Ipi ya kuaminika?

Mchomea_risasi: Nimetumia zote. Kazi ni ileile: feni inavuta hewa, leza inamulika chembe, mwanga unaotawanyika ndio unakadiriwa kuwa PM2.5 (chembe ndogo sana za hewani, chini ya mikromita 2.5). Leza ya SDS011 imepewa saa 8,000, ukiiwasha usiku na mchana haifiki mwaka. Iwe inalala, inaamka kila dakika tano kidogo tu. PMS5003 ni ndogo, inakaa vizuri kwenye kasha dogo, ila vumbi nene la barabarani linaipita. Moshi inaujua.

Mama_Kawetele: Huku kwetu adui ni ukungu. PMS yangu alfajiri moja ilisoma 140 (mikrogramu za PM2.5 kwa mita ya ujazo). Nikatoka kunusa: hakuna moshi, ukungu mtupu. Saa nne, 12! Unyevu unavimbisha chembe, na matone yenyewe yanahesabiwa vumbi. Sasa nimeweka BME280, sensa ya unyevu, pembeni. Unyevu ukipita asilimia 80, namba hizo naziwekea alama, siziamini.

kijana_wa_Mafinga: Si mnunue SPS30 tu, sensa nyingine ya chembe? Ile inajisafisha feni yenyewe.

Mchomea_risasi: Nzuri, ila mfuko, mdogo wangu. Mimi nafunga PMS mbili bega kwa bega, kama PurpleAir, watengenezaji wa vipima hewa, wanavyofanya. Zikipishana sana, fungua moja. Mara nyingi utamkuta buibui.

Mama_Kawetele: Kwenye ukungu zitakubaliana vizuri tu, zote zinadanganya pamoja. Bila kuziweka wiki kadhaa kando ya mashine kubwa ya kupimia, kiangazi na masika, unachojua ni kwamba leo kubaya kuliko jana. Tena usichukue namba ya dakika moja ukailinganisha na kikomo cha 15 cha WHO (Shirika la Afya Duniani); ile ni wastani wa saa 24.

fundi_uyole: Ndaga fijo. Basi PMS mbili na BME280. Swali la mwisho: jirani anakaanga chipsi upande wa mashariki, nifunge wapi?

Mchomea_risasi: Upande wa barabara, chini ya paa, juu ya kimo cha mtu. La sivyo utakuwa unapima chipsi.